Foleni ya sekunde 2: gari linapochelewa kumwamini mwenzake

Siku hiyo kwenye meza ya majaribio tulikuwa na gari moja tu la kweli, na hata hilo lilikuwa boksi la alumini ukubwa wa kitabu, antena mbili juu, na waya unaotoka kwenye betri ya gari iliyokaa chini ya meza. Magari mengine 120 yalikuwa ya kuigiza, kompyuta ya upande wa pili inarusha redio kama vile tuko katikati ya msongamano wa barabara kuu, kila gari linasema niko hapa, naelekea kule, spidi yangu hii, mara 10 kwa sekunde. Nikabonyeza gari namba 37 lifunge breki ghafla. Nikatazama skrini ya boksi letu. Kimya. Nikahesabu kichwani moja, mbili, ndo taa nyekundu ikawaka: hatari mbele.

Sekunde 2. Hapa Ujerumani watu wanaenda kilomita 130 kwa saa kwenye Autobahn na hakuna anayewashangaa, na kwa spidi hiyo gari linakula mita 36 kila sekunde, kwahiyo mita 72 zishapita kabla dereva hajaambiwa kitu. Na kilichoniuma zaidi ni logi, ile rekodi ya kila kinachotokea ndani ya boksi, manake ilionyesha redio iliipata ile meseji papo hapo, ndani ya milisekunde chache tu. Meseji ilifika mapema kabisa. Ilikaa ndani ya boksi letu inasubiri kuhakikiwa.

Hiyo ndo kazi yangu miaka hii, uhakiki wa usalama kwenye magari yanayoongea, na nimeona niiandike kwa Kiswahili kwa sababu vijana wengi wa nyumbani wanasoma kompyuta na umeme sa hivi, na hili swali la kazi ipi iende kwenye sofwea na ipi iende kwenye hadiwea halifundishwi vizuri darasani. Mimi mwenyewe nimelijua kwa kuumia.

Kwanza tuelewane gari linaongea nini. Toka 2019 Golf ya kizazi cha 8 inauzwa huku Ulaya ikiwa na redio ya kuongea na magari mengine moja kwa moja, bila kupitia mnara wa simu wala intaneti, kwenye masafa ya gigahezi 5.9, teknolojia yake ni ndugu wa Wi-Fi. Watengenezaji wanasema inasikia mpaka mita 800. Kanuni za Ulaya zinasema gari litume taarifa zake kati ya mara 1 na mara 10 kwa sekunde kutegemea linavyokwenda, ukisogea mita 4 unatuma, ukikata kona nyuzi 4 unatuma, spidi ikibadilika nusu mita kwa sekunde unatuma. Gari lililosimama linaongea kidogo, gari linalohangaika linaongea sana. Mantiki nzuri tu.

Sasa kila meseji ina saini ya kidijitali, baiti 64, ya aina inayoitwa ECDSA. Bila saini mtu anakaa juu ya daraja na laptopu na antena, anatangaza kuwa yeye ni gari limefunga breki, na magari 50 chini yake yanaanza kupiga breki za bure. Kwahiyo kila meseji inayoingia inabidi iulizwe: saini hii ni ya kweli? Na mwenye saini ana cheti kilichotolewa na mamlaka tunayoiamini? Cheti chenyewe ni kizito kidogo kukibeba kila saa kwahiyo gari linakituma mara moja kwa sekunde, meseji nyingine zinabeba kifupisho tu cha baiti 8, yaani ni kama kusema unanijua, cheti changu ni kile cha dakika ile. Ukishakihakiki cheti mara moja unakiweka karibu, huna haja ya kukirudia. Afu kuna faragha, gari haliruhusiwi kutumia cheti kimoja miaka yote manake mtu angelifuatilia kila linapoenda, kwahiyo Ulaya gari linaweza kuwa na vyeti mpaka 100 kwa wiki, linabadilisha badilisha. Kila jirani yako akibadilisha cheti, kwako ni uhakiki mara mbili, cheti kipya na meseji yenyewe. Hesabu zinapanda kimya kimya.

Turudi kwenye boksi letu. Kampuni iliyokuwa inatengeneza hilo boksi siitaji. Mchoro wake ulikuwa umepita mikononi mwa watu wenye akili sana, mimi pia niliukubali. Ulikuwa na prosesa kuu ya viini vinne inayofanya kila kitu, na pembeni kulikuwa na HSM, ambayo we ichukulie kama sefu ndogo ndani ya chipu: ina prosesa yake, kumbukumbu yake, na mlango mmoja tu wa kuongea na dunia. Funguo za siri zinazaliwa mle ndani na hazitoki. Na mtu mmoja kwenye kikao akasema sentensi ambayo wote tuliitikia: mambo yote ya usalama yaende kwenye HSM.

Sentensi hiyo ndo ilileta sekunde 2.

Sefu yetu ilikuwa inahakiki kama saini 150 kwa sekunde. Magari 120 mara 10 ni meseji 1,200. Kwahiyo foleni ilijaa karibu mara moja, na foleni ilikuwa na nafasi 300, na 300 ukigawa kwa 150 unapata nini? Nilipoiandika hiyo hesabu kwenye karatasi nilikaa nayo muda mrefu. Hakuna kilichoharibika, hakuna mdudu kwenye programu, kila kitu kilifanya kama kilivyoagizwa. Na kibaya zaidi foleni ilikuwa ya aliyetangulia ahudumiwe kwanza, na ikijaa mgeni anafukuzwa mlangoni, yaani boksi letu lilikuwa linahakiki kwa uaminifu mkubwa meseji za sekunde 2 zilizopita, mahali ambapo magari hayapo tena, huku meseji ya gari namba 37 iko nyuma inasubiri zamu, na nyingine za breki zilizoifuata zinatupwa.

Mi nimekulia Kigamboni. Pale kivukoni Magogoni ambulensi ikija na mgonjwa haiambiwi kaa nyuma ya lori la saruji, watu wanaisogezea njia, hata yule aliyesubiri saa nzima anaelewa. Sisi tulikuwa tumejenga kivuko ambacho hakijui ambulensi ni nini.

Haya, sasa niseme jambo ambalo ndo limenifanya niandike. Kusaini na kuhakiki ni kazi mbili zenye tabia tofauti kabisa, na sisi tulizitupa kapu moja kwa sababu zote zina neno usalama. Kusaini kunahitaji ufunguo wa siri. Ukiibiwa huo ufunguo mtu anajifanya wewe, basi tena. Kwahiyo kusaini kukae ndani ya sefu, bila mjadala, na bahati nzuri gari linasaini meseji zake tu, zisizozidi 10 kwa sekunde, hata chipu ya polepole ya ukoo wa kadi za benki inaiweza hiyo kazi. Lakini kuhakiki kunatumia ufunguo wa wazi. Wa wazi! Umeandikwa kwenye cheti, gari lenyewe limeutangaza hewani kila mtu ausikie. Hakuna siri ya kuficha. Umechukua kitu ambacho dunia nzima inakijua ukakipeleka kwenye chumba chenye mlango mmoja na mlinzi, mara 1,200 kwa sekunde.

Na juu ya hapo, kwa ECDSA kuhakiki ni kugumu zaidi ya kusaini. Kwenye RSA, aina nyingine ya saini, ya zamani zaidi, ni kinyume, kuhakiki ni haraka na kusaini ndo kunachelewa, nadhani wengi wetu tuliosomea RSA chuoni tunabeba hiyo picha kichwani bila kujua. Kwenye ECDSA anayesaini anafanya zidisho moja kubwa la nukta kwenye mkunjo, yaani ule mstari wa kihesabu ambao saini hizi zimejengwa juu yake, na nukta anayoanzia inajulikana siku zote kwahiyo unaweza kuandaa majedwali mapema, ila anayehakiki anafanya mazidisho mawili na moja linaanzia kwenye ufunguo wa mtu ambaye amekutana naye sasa hivi barabarani. Kwahiyo kazi nzito ndo iliyo nyingi, na ndo isiyo na siri.

Ina maana uhakiki wote uende kwenye sofwea tu? Ndo tulichojaribu wiki iliyofuata. Tukachukua viini viwili vya prosesa kuu tukavipa kazi hiyo tu, kila kimoja kikawa kinafanya kama saini 900 kwa sekunde. Jumla 1,800. Taa nyekundu ikawa inawaka ndani ya milisekunde 40, watu wakapeana mikono. Siku mbili baadae tukaliweka boksi kwenye oveni ya majaribio, manake gari likipaki juani kiangazi ndani yake kuna joto ambalo mkono hauvumilii, na prosesa ikaanza kujipunguza spidi ijilinde. Zile 900 zikawa 500 na kitu. Afu prosesa hiyo hiyo ina ramani, ina programu ya kutambua hatari yenyewe. Sofwea inakupa uhuru, ila wenzie wanakula kwenye sahani moja nayo.

Hapo ndo mzee mmoja wa timu yetu, mtu wa redio, si mtu wa usalama, akatuuliza swali zuri kuliko yote: hewa yenyewe inabeba meseji ngapi? Tulikuwa hatujawahi kuuliza. Chaneli moja inatembea megabiti 6 kwa sekunde. Meseji yenye saini tuseme baiti 350, hiyo ni biti 2,800, inakaa hewani karibu nusu ya milisekunde. Kwahiyo hata magari yakibanana namna gani, kwa meseji za saizi na spidi hiyo chaneli moja haiwezi kukuletea zaidi ya meseji kama 2,000 kwa sekunde, na kwa ukweli ni chini ya hapo kwa sababu magari yanapeana nafasi kabla ya kuongea. Mwisho wa kazi unajulikana! Sio bahari, ni bomba. Ukiwa na kifaa cha kuhakiki saini 2,000 kwa sekunde mfululizo, kwenye joto na kwenye baridi, si rahisi magari yakujazie foleni kupitia chaneli hiyo.

Na chipu za redio za magari zenye injini kama hiyo ndani yake zipo, hadiwea ya kuhakiki tu, haina ufunguo wa siri hata mmoja, ni mashine ya hesabu. Kwahiyo mchoro wetu wa pili ukawa na sehemu tatu badala ya mbili. Sefu inasaini na kutunza vyeti vya mizizi, yaani vya ile mamlaka tunayoiamini, ambavyo vyeti vingine vyote vinapimwa navyo. Injini ya hesabu, nje ya sefu, inabeba wingi. Sofwea inabaki na kazi ya akili: nani atangulie.

Kazi ya akili ndo naipenda. Kabla ya kugusa saini unauliza maswali ya bei rahisi: meseji imeandikwa saa ngapi? Kama ni ya zamani itupe. Anasema yuko wapi? Kama anadai yuko kilomita 5 na redio haifiki huko, itupe. Nishaiona hii hii? Itupe. Kinachobaki unakipanga, aliye mbele yako kwenye njia yako anatangulia, anayefunga breki anatangulia zaidi, aliyepaki upande wa pili wa uzio atasubiri, na meseji mpya ya gari moja inaifuta ya zamani ya gari hilo hilo hata kama ya zamani haijahudumiwa, kwa sababu nani anataka kujua ulikuwa wapi. Hiyo peke yake, bila chipu mpya, ilipunguza kazi kuliko tulivyotegemea, na iliniuma kidogo kuona kuwa tungeweza kuiandika toka siku ya kwanza.

Kuna shule nyingine inayosema usihakiki kila meseji, subiri, weka taarifa zote kwenye ramani yako bila kuhakiki, na pale tu programu inapotaka kumpigia dereva kengele ndo uhakiki ile meseji inayohusika. Kazi inakuwa ndogo sana, sofwea tu inatosha, gari linakuwa rahisi, na mi siwadharau wanaoitetea kwa sababu gari rahisi ndo litakalofika kwa watu wengi. Ila siipendi, kwa sababu mbili. Ajali ya magari mengi ikitokea hatari hazifiki moja moja, zinafika zote kwa mpigo, na mzigo unapanda wakati ule ule ambao huna muda. Na ya pili, ramani yako imejaa maneno ya watu usiowajua, na kila mstari wa programu unaosoma maneno hayo ni mlango. Mi nataka mgeni aonyeshe kitambulisho getini, sio sebuleni.

Sasa isije mtu akanielewa vibaya akadhani nasema uhakiki wowote ule utoke kwenye sefu. Hapana. Julai 2015 watafiti wa usalama Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha dunia jinsi walivyoingia kwenye Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu, wakaanzia kwenye redio ya burudani, wakafika mpaka kwenye mawasiliano ya ndani ya gari, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Walivukaje kutoka kwenye redio kwenda kwenye breki? Kulikuwa na chipu ndogo katikati, na waliweza kuiandikia programu yao wenyewe kwa sababu haikuhakiki saini ya programu inayopewa. Uhakiki wa aina hiyo, wa programu wakati gari linawashwa, unafanyika mara moja tu kila unapoliwasha, hauna haraka ya milisekunde, na jibu lake la ndiyo au hapana ndo linashikilia gari zima. Huo ukae kwenye hadiwea, kwenye sehemu ya chipu isiyoandikika tena, ambako sofwea iliyotekwa haiwezi kujihakikia yenyewe ikajipa ndiyo. Na cheti cha mzizi pia, hakina siri yoyote lakini mtu akikibadilisha akaweka chake, injini yako ya saini 2,000 itahakiki uongo kwa usahihi kabisa.

Na kuna kesi ya tatu, ya ndani ya gari. Waya wa CAN, unaounganisha vifaa vya ndani ya gari, ambao kampuni ya Bosch waliutoa 1986, hauulizi nani anaongea, kwahiyo siku hizi meseji muhimu za ndani zinawekewa muhuri wa AES. Hapo ufunguo ni mmoja, anayepiga muhuri na anayeukagua wana ufunguo ule ule, maana yake anayeweza kuhakiki anaweza pia kughushi! Kwahiyo hapo uhakiki una siri, na unarudi kwenye sefu, japo meseji ni baiti 8 tu na kugonga mlango wa sefu na kusubiri jibu kunachukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe. Unavumilia, unapeleka kadhaa kwa safari moja, unachagua meseji zipi zina haja. Mradi wa EVITA wa Ulaya, 2008 mpaka 2011, ulishaliona hili, wakatoa sefu za saizi tatu, kubwa yenye injini ya mikunjo kwa ajili ya kuongea na nje, ya kati, na ndogo ya AES kwa vifaa vidogo vya ndani. Nikiisoma leo naona walishatuambia, ila sisi tulibeba jina la HSM tukaacha sababu zake.

Swali ninalouliza sa hivi kwenye kila kikao ni hilo hilo: hapa kuna siri? Au hapa kuna jibu ambalo mtu akiligeuza tumekwisha? Au ni wingi tu? Kila moja ina mahali pake, na watu wamenizoea.

Kinachoninyima usingizi ni umri. Hadiwea ukishaichoma imechomwa. Injini yetu inajua mikunjo ya biti 256 na basi. Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vya saini za kuhimili kompyuta za kwanta, zile zinazohofiwa kuja kuvunja saini za leo, na saini ndogo kabisa ya ML-DSA, moja ya viwango hivyo, ni baiti 2,420, wakati fremu ya redio hizi za ukoo wa Wi-Fi inabeba mzigo wa baiti 2,304. Saini peke yake haitoshi kwenye bahasha! Kwahiyo itabidi meseji zikatwe vipande, au itumike algoriti nyingine, na vyovyote itakavyokuwa ile injini yetu nzuri itakuwa jiwe. Ndo maana nilipigania viini viwili vya prosesa viachiwe nafasi, hata kama leo havina kazi kubwa. Walilalamika bei. Nikawapa hesabu ya umri, magari Ulaya yana wastani wa miaka zaidi ya 12 barabarani, na mi najua kitu ambacho wao hawakiwazi, kwamba gari likitoka kwao halijafa, linapanda meli.

Mwezi uliopita binamu yangu kanipigia kutoka Dar, kanunua Crown Athlete iliyotumika Japani, Toyota walianza kuziwekea redio za kuongea mwisho wa 2015, na yake inayo. Kanitumia picha ya skrini, maandishi yote ya Kijapani isipokuwa maneno mawili. "Kaka, hii ITS Connect ndo nini, mbona haifanyi kitu?" Nikamwelezea, redio ya Japani inatumia masafa yao ya megahezi 760, inasikiliza magari mengine na taa za barabarani za kwao, hapo Dar hakuna wa kuijibu. Akanyamaza kidogo. Afu akaniuliza kama akimpata mwingine mwenye Crown kama yake, wakapishana pale Kibada, zitasikiana?

Nikamwambia jaribuni, mnitumie video.